Kuhusu Spishi za Krismasi ya Kiangazi, kwa Mifano ya Meru na Embu

Taaluma ya kuainisha sikukuu ina tatizo ambalo wataalamu wamelikwepa kwa muda mrefu, nalo ni Ikweta. Mstari huo unaikata barabara ya Embu kwenda Meru baada ya kupita Nkubu. Vitabu vya jiografia vinafundisha kwamba tarehe 25 Desemba kaskazini ya dunia huwa kipupwe na kusini huwa kiangazi. Basi mji wa Meru, ulio kilomita chache tu kaskazini ya mstari, hula Krismasi ya kipupwe, ilhali Nkubu, Chogoria, Chuka na Embu yote hula ya kiangazi. Mwalimu wa Maua aliyehamishiwa Runyenjes anatimiza masharti yote ya kuitwa mtu anayesherehekea Krismasi ya kiangazi ugenini. Mwenyewe ukimweleza hivyo atakuuliza kama umekunywa chai.

Ushahidi wa mwalimu huyu hauwezi kupuuzwa. Huku mwaka hugawanywa kwa mvua. Joto na baridi ni mazungumzo ya kupitisha muda. Krismasi huja mvua za mwisho wa mwaka zinapokatika, mashamba yakiwa bado ya kijani, maembe ya Mbeere yakimiminika sokoni, na asubuhi zikidai sweta hadi saa tatu. Kwa hiyo kipimajoto hakitufai kuwa kigezo. Baada ya kuwasikiliza kwa makini walio majuu, mtafiti anapendekeza kigezo kipya: lawama. Kila spishi itambuliwe kwa kile inachokilaumu Krismasi inapokosa ladha.

Spishi ya kwanza, Wa Theluji, haitatuchelewesha. Inapatikana Minnesota, Toronto, na kote kunakolipiwa umeme wa kupasha nyumba. Mwanachama wake hupiga picha akiwa amezama hadi magotini, huituma kwenye kundi la familia, na kila mtu humhurumia. Hakuna anayemuuliza kwa nini hakuchinja. Theluji imemjibia. Ipo nususpishi ya Uingereza, hasa ya watu wa Igembe na Tigania, ambayo tangu miraa ipigwe marufuku huko mwaka 2014 ina mambo mawili ya kulaumu na huyatumia kwa zamu.

Wa Ghuba nao tuwapitie haraka, ingawa wanastahili zaidi. Desemba ya Doha ni ya jua la upole, hewa ambayo mtu wa Isiolo angeilipia. Lakini tarehe 25 huko ni siku ya kazi, na dada aliyeajiriwa nyumbani kwa mtu anaweza kuimaliza akipiga pasi. Lawama yake ni ya haki kabisa, na sayansi haina la kuongeza.

Spishi iliyousumbua utafiti huu ni Wa Perth.

Kwa nadharia, huyu ndiye angepaswa kuwa mhamiaji mwenye raha kuliko wote. Aliondoka Embu, iliyo kusini ya Ikweta, akatua Australia, iliyo kusini zaidi. Krismasi yake ina jua, watu wako nje, na wenyeji wenyewe wanachoma nyama uani wakiwa na kaptura. Isitoshe, Australia ndiyo nchi inayoongoza duniani kwa kuuza nyama ya mbuzi ng'ambo. Mtu akisoma haya akiwa Kianjokoma atauliza basi kinachokosekana ni nini, na ndugu zake huuliza hivyo hasa, kwa sauti, kwenye simu.

Tuanze na jua lenyewe. Krismasi ya mwaka 2021 Perth ilifika nyuzi 42.8, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kurekodiwa huko siku hiyo. Jua la Embu hukualika ukae chini ya mwembe. Lile la Perth hukufukuza uani. Siku kama hizo mamlaka hutangaza marufuku ya kuwasha moto nje, kwa kuhofia misitu kuungua, na wa kwanza kuathirika ni mtu aliyenunua gunia la makaa. Jiko la gesi huruhusiwa kwa masharti. Nyama ya mbuzi iliyochomwa kwa gesi ipo na inalika. Wazee wa Mbeere wangeiainisha kama nyama ya kuchemsha.

Mbuzi mwenyewe naye ni tatizo la kitaaluma. Anatoka buchani akiwa vipande vidogo ndani ya mfuko, hana kichwa, hana matumbo, hana mbavu za kumpa mtu fulani na kumnyima mwingine. Mbuzi wa Krismasi kwetu ni mkutano wa ukoo wenye ajenda: kila kiungo kina mwenyewe, na anayepewa asichostahili hukumbuka hadi Pasaka. Kwenye mfuko wa Perth vipande vyote vina cheo kimoja. Hakuna ugomvi, na pasipo ugomvi wa nyama Mmeru haamini kwamba amehudhuria sherehe.

Mama akitaka kumtumia mwanawe cha kumliwaza, forodha inamsubiri. Australia haitaki embe, haitaki nyama, haitaki mbegu zisizo na kibali. Jimbo la Australia Magharibi, ambalo Perth ndiyo makao yake makuu, halitaki hata asali kutoka nje, kwa kuwalinda nyuki wake na magonjwa. Ni ulinzi wenye maana, lakini mweleze hayo mama wa Kiritiri aliyeifunga chupa kwa nailoni mara tatu.

Kuna pia saa. Perth iko mbele ya Kenya kwa saa tano. Saa sita mchana, Wa Perth anapoketi mezani na kupiga simu ya video, Runyenjes ni saa moja asubuhi: mbuzi bado anafungwa kamba, unga wa chapati haujakandwa, na anayepokea simu ana mswaki mdomoni. Chakula kikiiva nyumbani saa nane, kwake ni saa moja jioni na kesho kutwa ana zamu. Mwenzake wa Melbourne hali yake ni mbaya zaidi. Saa sita yake ya mchana ni saa kumi ya usiku huku, na anayepiga simu saa hiyo hudhaniwa kuleta habari za msiba.

Lakini ukimuuliza Wa Perth anailaumu nini Krismasi yake, hakujibu. Jua lipo, nyama ipo, likizo ipo. Amenyang'anywa theluji, na pamoja nayo kisingizio. Ndiyo maana, kwa maoni ya mtafiti, spishi hii hutuma pesa za Krismasi mapema kuliko nyingine zote: huwahi kabla ya swali.

Haki inadai tuwataje pia wamisionari waliokuja kuila Krismasi ya kiangazi kwetu. Waanglikana wa CMS walifungua kituo Kigari, Embu, mwaka 1910. Wamethodisti wakafika Kaaga mwaka 1912. Wakonsolata walitoka Turin, mji unaotazama milima ya Alps. Hawa walituachia desturi ya kuomboleza theluji ambayo hatukuwahi kuipoteza, na hadi leo waumini hukata tawi la msaipresi kwenye ua na kulibandika pamba ya duka la dawa, huku Mlima Kenya ukiwa nyuma yao na barafu halisi kileleni, isiyotazamwa na mtu.

Wamisionari Waskoti wa Chogoria ni kisa cha pekee. Daktari wao, Irvine, alianza kazi huko mwaka 1922, lakini kanisa la kwao lilikuwa limeitilia Krismasi shaka kwa karne nyingi, na Uskoti haikuifanya tarehe 25 Desemba kuwa sikukuu ya umma hadi mwaka 1958. Mkristo wa Chogoria aliyedhani anawaiga Waskoti kwa kuchinja mbuzi siku hiyo alikuwa amewatangulia.

Limebaki suala la mtoto aliyezaliwa Perth na kuletwa Embu Desemba. Huyu huvaa jaketi mchana, huuliza bahari iko wapi, na huona Krismasi ya nyuzi 25 kuwa ya baridi. Kigezo cha lawama kinashindwa naye, kwa sababu anamlaumu kila mtu. Nyanya yake amekataa kumwainisha mpaka ashike mguu wa mbuzi wakati wa kuchinja.