Sifa za Gari Lisilobeba Matoke

Toyota imesifiwa vya kutosha. Hapa Kasese, Uganda, hata mtoto wa chekechea anajua kwamba Corolla, ile tunayoiita Kikumi, hupakia wanne mbele na watano nyuma, huongezewa mbuzi kwenye buti, na bado hufika Bwera. Chombo cha namna hiyo hakihitaji mtetezi. Leo namtetea yatima: Alfa Romeo Spider ya miaka ya themanini, viti viwili, paa la turubai, usukani kushoto, niliyouziwa na mgeni aliyekuwa na haraka ya kurudi kwao. Ndiyo inayonipeleka kazini kufundisha Bwera. Siku nyingine mimi ndiye ninayeipeleka.

Nianze na viti. Mwenye gari kwetu ni kama mwenye kisima: hawezi kusema maji ni yake. Ukiwa na gari la maana, mgonjwa wa saa nane za usiku ni wako, saruji ya jirani kutoka Hima ni yako, mikungu ya matoke ya harusi ni yako, na msiba wowote kuanzia Kilembe hadi Karambi utakuta jina lako limeshaandikwa kwenye orodha ya usafiri. Langu halimo. Wanakamati wa misiba walikuja mara moja kulikagua gari, wakafungua buti, wakakuta tairi la akiba, jeki na dumu la maji, wakafunga na kunipa pole. (Mgonjwa mmoja nimewahi kumbeba. Alipona njiani kwa hofu.) Kukiwa na safari ya ukoo, shemeji zangu huniambia kwa upole, "Sisi tutatangulia na taksi, utatukuta." Na kweli hutangulia.

Wapo wanaosema gari la Kiitaliano limepotea njia huku. Hao hawajainua macho. Kilele cha juu kabisa cha Rwenzori, mita 5,109, kinaitwa Margherita, jina la malkia wa Italia, na aliyekipa jina hilo ni Luigi Amedeo wa Savoia, mwana wa ukoo wa kifalme, aliyekifikia Juni 1906. Mlima mwingine jirani unaitwa kwa jina lake mwenyewe. Waitaliano basi si wageni wetu. Tunawatazama kila asubuhi mawingu yakituruhusu. Na ikumbukwe kwamba bwana mkubwa huyo alitoka Entebbe hadi Fort Portal, kisha akaingia milimani, kwa miguu, na msururu wa wapagazi wakimchukulia mizigo. Mila hiyo naiendeleza.

Ama kuhusu barabara zetu za Afrika Mashariki, Lancia, nayo ya Kiitaliano, ilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1988, Miki Biasion akiwa kwenye usukani, na ikashinda tena 1989. Mbishi atanikumbusha kwamba Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, aliyashinda mashindano hayo mara tano kwa Datsun. Sawa. Ataongeza kwamba timu zile kubwa zilikuwa na helikopta angani na mafundi kila kituo. Hilo nalo sawa. Mimi nina bodaboda nyuma, imepakia betri ya akiba.

Asubuhi, oili ikiwa bado nzito, gia ya pili haiingii ila kwa ugomvi. Waliozizoea Alfa za zamani hawalalamiki. Huruka kutoka ya kwanza hadi ya tatu mpaka gia boksi ipate joto. Huko Milano wakati wa baridi jambo hilo linataka subira. Kasese joto tunalo la bure, na gia ya pili huamka kabla sijaumaliza mji. Tena nasema bila mzaha kwamba kwa gari la aina hii sisi ni bora kuliko Mombasa, maana kutu, adui mkubwa wa bati la Kiitaliano, huku haipati upepo wa bahari. Chumvi yetu iko Katwe, na inauzwa.

Ukitoka mjini Kasese ni tambarare hadi Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, mahali ambapo wanyama wa hifadhi huvuka barabara bila kuomba ruhusa. Tembo akisimama katikati, mwenye Prado hupandisha kioo akapiga picha. Mimi hata nikipandisha kioo, juu nina kitambaa. Nazima injini, nainamisha kichwa na kumtazama magoti. Hakuna mtalii aliyewahi kulipa dola zake akaonyeshwa ukubwa wa tembo namna ile.

Kisha unakata kulia kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe, na hapo ndipo Alfa inapomzidi kila mshindani. Kila kituo cha biashara kina matuta, na bakuli la oili la Spider ni la aluminiamu, limening'inia chini kama lilivyochorwa na watu wasiowahi kuliona tuta. Nalipanda kwa mshazari, tairi moja baada ya jingine, polepole kiasi cha kusalimiana na baraza zima, kumuulizia mtoto aliyefanya mtihani, kusikia kahawa imefika bei gani. Mwenye Toyota hupita Kinyamaseke mwaka hadi mwaka na hajui hata jina la muuza chapati. Mimi najua jina lake na la mama yake, na ananidai.

Hapo Kinyamaseke ndipo alipo fundi wangu, kijana aliyekulia kwenye malori. Injini ya Spider ina kabureta mbili zenye midomo minne, na yote minne inatakiwa ivute hewa sawasawa. Vyombo vya kupimia vipo duniani. Yeye ana kipande cha mpira wa maji. Ncha moja anaitia sikioni, nyingine anaisogeza kwenye mdomo wa kabureta, anafumba macho, anasikiliza mvumo. Anahamia mdomo wa pili. Anagusa skrubu kidogo sana, anarudi wa kwanza. Vijana wa boda huzima pikipiki zao bila kuambiwa. "Mwalimu," ananiambia, "huyu wa tatu ana njaa." Anamlisha. Halafu injini inatulia na kutoa sauti ambayo hakuna Corolla iliyowahi kuitoa tangu itoke Japani, na watu wote pale, hata wanaonicheka, wananyamaza kuisikiliza. Hapo hata mimi siwezi kutia utani.

Usukani wa kushoto nao ndio uliodumisha ndoa yangu. Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo nikiwa nyuma ya lori naona tela tu. Anayeiona njia ni mke wangu. "Bado," anasema. "Bado. Sasa! Hapana, Baba, rudi, bado." Wapo wanandoa wanaomaliza wiki bila kusemezana, sisi tunashauriana kila kilomita. Na ukivuka daraja la mto Lhubiriha ukaingia Kasindi, Wakongomani wanaendesha kulia. Huko gari langu ndilo lililo sawa, na Toyota kibao zilizopitishwa na usukani wa kulia ndizo zenye makosa.

Huko Kasindi pia ndiko nembo yangu inakoheshimiwa. Nembo ya Alfa ina msalaba mwekundu na, pembeni yake, nyoka mwenye taji na mtu mdomoni, ishara ya zamani ya ukoo wa Visconti wa Milano. Mama mmoja muuza vitenge aliinama akaitazama kwa muda mrefu. "Papa," akaniuliza, "ile nyoka iko nakula mutu?" Nikamjibu kwamba bado haijamaliza. Hakunipunguzia bei ya kitenge, lakini siku ile hakuna aliyeegemea boneti yangu wala kuweka juu yake tenga la nyanya.

Wezi sina wasiwasi nao. Mwizi atalisukuma hadi wapi? Na tangu 2018 sheria yetu imezuia kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 au zaidi, kwa hiyo jirani yangu anayenicheka hataweza kuagiza la kwake hata akitubu.

Basi nawe ukipita Kisinga ukaona gari fupi jekundu kando ya barabara, boneti juu, usinipigie honi ya kejeli. Simama. Sukuma kwenye buti, si kwenye turubai, na likiwaka usingoje nirudi kukushukuru. Nikisimama, linazimika.