Kaunda Kaachwa Mlangoni

Rais Ruto alipoizoea suti ya Kaunda, waheshimiwa wa Kenya nao ghafla wakagundua kwamba tai huwakaba. Mbio kwa fundi: pima mabega, pima kifua, pima tumbo (hapo utepe ulihitaji subira), shona ya kijivu, ya kaki, ya samawati. Novemba 2023 Spika Wetang'ula akaipiga marufuku bungeni. Mwanamume avae koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, viatu na, naam, soksi. Jina la rais wa kwanza wa Zambia likabaki nje. Mtindo wa Mwingereza ukaketi. Fundi anune kwa nini? Mteja ni yuleyule, na kiuno, tangu uchaguzi, kinadai vipimo vipya.