Taa Nyekundu Chooni

Jirani, sogea kidogo tukae. Na hii sahani ya chipsi mayai, ukiulizwa, ni yako.

Si nilimpeleka kijana wangu wa darasa la nne kliniki? Kanenepa, akifunga kamba za viatu anahema. Hesabu yangu fupi: wampe vidonge, turudi. Dada wa lishe ananitazama: "Baba, panda wewe kwanza." Mzani! Mbele ya foleni! Mshale ukakimbia, akina mama wote wakashikwa na kikohozi ghafla.

Vidonge hakupewa. Eti tiba ni ya nyumba nzima. Kuna profesa wa Marekani, Leonard Epstein, mwaka 1990 alitoa matokeo ya watoto waliofuatiliwa miaka 10. Kundi lililopungua ni lile ambalo mzazi naye alibanwa pamoja na mtoto. Mimi nilidhani ni fundi umeme, maana vyakula kavipanga kama taa za barabarani. Kijani, mchicha na matango, jipakulie. Njano, ugali na maharage, punguza mwendo. Nyekundu, chipsi, soda, maandazi: mara moja moja sana. Yaani kataja ratiba yangu ya siku!

Sasa mimi dereva wa Dar. Taa nyekundu kwangu ni kuangalia kama afande yupo. Kumbe afande nimemzaa mwenyewe. Kapewa daftari, anaandika kila kinachoingia mdomoni, chake na changu. Na vyekundu visikae ndani kabisa, mama watoto kavifagia vyote. Nikaficha biskuti kwenye boksi la spana. Asubuhi nasoma: "Baba, nyekundu, saa 4 usiku, chooni."

Bora wangenigombeza. Wameambiwa wasifie kila jema. Mke wangu, mbele ya mashemeji: "Hongera baba, leo umemaliza tango lako!" Nikaitikia asante. Mtu mzima na ndevu zangu.

Mtoto akijitahidi anapewa zawadi, ila isiwe ya kula. Nikasema afadhali, nitanunua kalamu. Kachagua baba acheze mpira naye na wenzake. Wakaniweka golini, eti nimelijaza. Magoli saba, yote katikati ya miguu. Daktari anataka mtoto achangamshe mwili dakika 60 kwa siku, nami saa nzima sikutoka uwanjani. Jioni nafungua daftari kwa mbwembwe: "Baba, mazoezi, dakika 4."

Nne! Kahesabu muda wa kuokota mipira tu.