Namna Bora ya Kuikosa Addis Ababa

Kwanza kabisa, Addis Ababa unaijua. Umepita pale mara nne ukienda Guangzhou kufuata mzigo, mara moja ukienda Dubai, na kila safari umekaa uwanja wa ndege wa Bole saa sita nzima ukichaji simu huku mguu mmoja umekanyaga mkanda wa begi. Umenunua maji kwa dola. Vilima umeviona kupitia kioo. Kwa uzoefu huo unaweza kabisa kuwashauri wenzako. Lakini kama safari hii umeamua kutoka nje ya uwanja ukae siku nne tano, yapo mambo ya kupanga, na mimi nitakusaidia uyapange vibaya.

Anza na msimu. Kwa miaka mingi Ethiopia ilijinadi kwa watalii kuwa ni nchi ya miezi 13 ya jua. Miezi 13 ni kweli: 12 ina siku 30 kila mmoja, na wa mwisho, Pagume, una siku 5, au 6 kwa mwaka mrefu. La kujadili ni hilo jua. Wewe nenda Julai au Agosti, wakati wa kiremt, mvua zao kubwa, na ufungashe kandambili. Sweta acha nyumbani, kwani Afrika si joto? Mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Tanga kama mimi hupanda ngazi za hoteli akafika ghorofa ya pili akihema kama aliyekimbizwa na mbwa, halafu usiku analala na soksi, suruali na taulo. Siku ya pili panda Entoto, zaidi ya mita 3,000, ukawaangalie vijana wanaopita wakikimbia huku wanapiga soga.

Faida moja utaipata bila jasho. Kalenda yao iko nyuma ya yetu kwa miaka 7 au 8, inategemea mwezi, na mwaka mpya wao huingia Septemba. Kwa hiyo unashuka kwenye ndege ukiwa kijana, na mkopo wa gari unaokunyima usingizi bado hujauchukua. Bahati mbaya benki yako haitumii kalenda hiyo.

Sasa tufike kwenye saa, maana hapa ndipo unapoweza kuharibu kweli kweli.

Mgeni kutoka Ulaya akifika Addis hushika kichwa. Anaambiwa saa mbili asubuhi, anajiuliza ni nani anayefungua ofisi usiku wa manane. Msemaji wa Kiswahili hana shida hiyo hata chembe. Wahabeshi huhesabu saa kama sisi: jua likishatoka ni saa moja, mchana ni saa sita, likizama ni saa kumi na mbili. Umesafiri nchi ya mbali, hujui herufi hata moja ya maandishi yao, lakini saa ni ya kwenu. Zawadi kama hiyo ukitaka kuitupa, jifanye mtu wa dunia.

Mimi niliitupa. Nilimwambia dereva wa teksi, kwa Kiingereza changu cha semina, anifuate kesho "ten o'clock". Akajibu "ishi", yaani sawa. Asubuhi, saa nne kasoro, nikasimama getini na kofia yangu. Saa tano. Saa sita. Nikapiga simu, haipokelewi. Nikamsema moyoni, nikausema na ukoo wake ambao sikuujua. Saa kumi jioni, hata dakika haikuzidi, gari likaingia limeoshwa, naye amevaa shati la kupigwa pasi. "Kaka, ten o'clock," akaniambia akicheka, maana neno kaka nilikuwa nimemfundisha jana yake, akaninyooshea mkono niione saa. Mshale mfupi ulikuwa kwenye kumi penyewe. Hapo ndipo nilipogundua tofauti yetu. Sisi saa ya mkononi tunaiweka ya kizungu halafu tunaisoma kwa kuigeuza, mshale uko kwenye nne, mdomo unasema kumi. Yule bwana alichosema ndicho kilichokuwa mkononi.

Tuendelee na chakula. Panga hamu yako ya nyama iangukie Jumatano au Ijumaa. Siku hizo waumini wa Kanisa la Othodoksi hufunga: hawali nyama, mayai wala maziwa, na kabla ya Pasaka mfungo huchukua siku 55. Saumu kwao ni tsom, ukisikia hivyo utajua kwamba maneno nayo husafiri bila viza. Mgahawa utakuletea beyaynetu, injera moja pana, mkate wao mchachu, imepangwa juu yake dengu, mchuzi wa shiro, kabichi, viazi, bitiruti, vilima vya rangi rangi, na ukikila vizuri utasahau kama nyama ipo duniani. Basi usikile vizuri. Omba sahani na uma. Uliza kwa sauti kama hiyo injera haijachacha. Na mwenyeji wako akikuviringishia tonge akalisogeza mdomoni kwako, hiyo ni gursha, heshima tuliyoiachia mabibi na mabwana harusi. Wewe geuza uso, sema una mikono.

Alhamisi nyama ipo, ila kitfo ni mbichi: imekatwakatwa laini ikachanganywa na samli ya viungo na pilipili inayoitwa mitmita. Ukimwambia mhudumu aipike, ataipasha kidogo tu kwa huruma. Ukimwambia aiivishe kabisa kama mishikaki ya kwenu, atakutazama kama aliyeombwa achemshe embe.

Kahawa ndiyo rahisi zaidi kuharibu, maana inataka muda, na wewe muda huna. Mama wa nyumba hutandaza majani mabichi sakafuni, ubani unafuka pembeni. Huosha punje, huzikaanga mbele yenu juu ya mkaa mpaka zinang'aa mafuta, kisha hupitisha kikaango kwa kila mgeni avute moshi kidogo kwa kiganja. Hutwanga. Huchemsha kwenye jebena, birika la udongo jeusi lenye shingo ndefu, na humimina kwa mbali kwenye vikombe visivyo na mkono bila kumwaga tone. Bisi zinapita kwenye kapu. Mtu aliyekulia barazani, kahawa chungu, kashata na kikombe cha kuunguza vidole, hapa hana ugeni wowote. Wanaiita buna, sisi buni.

Kikombe cha kwanza ni abol. Cha pili ni tona, chepesi kidogo. Cha tatu ni bereka, na hilo sina haja ya kukutafsiria. Ili kuikosa Addis kwa ukamilifu, kunywa cha kwanza, tazama simu, inuka. Wakikuuliza miadi yako ni saa ngapi, sema "ten o'clock".

Mengine ni madogo. Kwenye Makumbusho ya Taifa utaonyeshwa Lucy, wenyewe humwita Dinknesh, aliyefukuliwa Hadar mwaka 1974 akiwa na miaka kama milioni 3.2. Mwambie mlinzi kwamba Laetoli kwetu, jirani na Ngorongoro, kuna nyayo za zaidi ya miaka milioni 3.6, zinazodhaniwa kuwa za jamii hiyo hiyo, kwa hiyo bibi zake walipita Tanzania kwanza, kwa miguu. Getini kwa Umoja wa Afrika kumbusha kwamba Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi ya umoja huo tangu Februari 2022, na kwamba jengo la amani na usalama mle ndani lina jina la Mwalimu Nyerere. Yote ni kweli. Askari atakuomba kitambulisho. Eneo la Piassa nenda na ramani ya zamani, uzunguke ukitafuta mitaa iliyovunjwa mwaka 2024. Hili silifanyii mzaha sana, nilikuwa napapenda. Na konda wa hiace ya bluu na nyeupe akichungulia dirishani akiita "Mexico! Mexico!", usitoe pasipoti. Ni mtaa. Nauli ni birr, shika chenji.

Siku ya kurudi, soma tiketi. Imeandikwa 10:40, na kampuni ya ndege hutumia saa ya kizungu. Dereva wako mwambie saa mbili asubuhi afike, kwa Kiswahili kama hujui Kiamhari, ukimwonyesha vidole viwili. Mbili yake na mbili yako ni moja.