Mwongozo kwa Mgeni Anayetaka Kushabikia Upinzani wa Uingereza

Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda anayeishi Uingereza kihalali ana haki ambayo wengi hawaijui: anaweza kupiga kura ya kumchagua mbunge hata kama hana uraia wa huko, kwa kuwa nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola. Mkongo na Mrundi itabidi wasubiri uraia. Mwongozo huu ni kwa yule aliyejiandikisha, akaangalia vyama vilivyopo, akaamua kwa moyo mkunjufu kwamba yeye atakuwa mtu wa upinzani. Hongera. Masharti yafuatayo yatakupunguzia maumivu.

1. Usimwonee huruma Kiongozi wa Upinzani

Huenda huko ulikotoka mpinzani ulimjua kwa mabomu ya machozi na safari za mahakamani. Uingereza upinzani ni ajira. Tangu 1937 Kiongozi wa Upinzani analipwa mshahara na dola ileile ambayo kila asubuhi anaamka kuisema vibaya, na tangu 1975 vyama vya upinzani vinapewa ruzuku ya kuendeshea kazi zao za Bunge. Jina lao rasmi ni Upinzani Mtiifu wa Mfalme.

Kiongozi huyo ana baraza zima la mawaziri vivuli. Yupo waziri kivuli wa fedha asiye na senti ya kugawa, na waziri kivuli wa ulinzi asiye na askari hata mmoja. Ukikutana na mmojawapo msalimie kwa heshima, lakini usimpe barua ya maombi ya kazi.

Kila Jumatano saa sita mchana Bunge likiwa na vikao, Kiongozi wa Upinzani humuuliza Waziri Mkuu maswali sita. Wabunge ni 650 na nafasi za kukaa ni 427, kwa hiyo waliochelewa husimama mlangoni au kujibanza kwenye ngazi. Mbele ya kila upande kuna mstari mwekundu kwenye zulia. Inasemekana umbali kati ya mistari hiyo unazidi urefu wa panga mbili. Zomeazomea utakayoisikia isikutishe. Wakimaliza, wengi huenda kula chakula cha mchana.

2. Shuleni ulidanganywa kuhusu hesabu

Usije ukasema, "Chama changu kimepata kura nyingi, basi kitapata viti vingi." Kila jimbo lina mshindi mmoja; waliobaki huenda nyumbani na kura zao. Mwaka 1983 muungano wa vyama vya Liberal na SDP ulipata asilimia 25.4 ya kura na viti 23. Chama cha Labour, kilichowazidi kwa asilimia mbili tu, kilipata viti 209. Mwaka 2015 chama cha UKIP kilikusanya kura karibu milioni 3.9 kikaambulia kiti kimoja, huku chama cha SNP cha Scotland, kwa kura zisizofika milioni 1.5, kikibeba viti 56.

Mwaka 2024 Ed Davey, kiongozi wa chama cha Liberal Democrats, alifanya kampeni kwa kudondoka ziwani na kuruka kutoka juu akiwa amefungwa kamba. Wenye busara walicheka. Chama chake kilipata viti 72, rekodi ambayo hakikuwa kimewahi kuifikia. Chama cha Reform cha Nigel Farage kilikizidi kwa kura, kikapata viti vitano. Siri ilikuwa pale zilipoangukia kura, si wingi wake.

3. Zijue dalili za chama kilichoshindwa

Dalili ya kwanza ni kofia. Mwaka 1997, baada ya chama cha Conservative kubaki na viti 165, kiongozi wao mpya William Hague alijitokeza hadharani na kofia iliyoandikwa jina lake, ili vijana wampende. Hawakumpenda. Akafuata Iain Duncan Smith, aliyejiita mtu mkimya. Oktoba 2003 aliuambia mkutano mkuu wa chama kwamba mtu mkimya sasa anapandisha sauti. Mwezi huohuo wabunge wake wakamwondoa.

Dalili ya pili ni nembo. Labour iliyochoka kushindwa ilijipamba kwa waridi jekundu. Conservative ya David Cameron ikaweka mwenge kando na kuchora mti. Ukiona chama kinachora mmea, elewa kwamba sera bado hazijapatikana.

Dalili ya tatu ni jiwe. Mei 2015 Ed Miliband wa Labour alizindua bamba la jiwe refu kuliko mtu yeyote aliyekuwepo, limechongwa ahadi zake sita. Siku chache baadaye alishindwa uchaguzi na kujiuzulu. Ilani ya karatasi ina faida yake: inachanika.

4. Usijiunge na chama kipya kwa sababu ya tafiti za maoni

Mwaka 1981 wakubwa wanne waliokuwa mawaziri wa Labour walianzisha SDP. Kufikia mwisho wa mwaka, wao na Liberal walikuwa wanaongoza tafiti za maoni, na watu wazima na akili zao walianza kuzungumzia kuunda serikali. Mei 1990, katika uchaguzi mdogo wa Bootle, mabaki ya SDP chini ya David Owen yalipata kura 155. Monster Raving Loony, chama kilichojitangaza chenyewe kuwa cha wendawazimu, kilipata 418. SDP ikavunjwa mwezi uliofuata.

Somo halikuingia. Mwaka 2019 wabunge 11 walihama Labour na Conservative wakaunda kundi lao, wakalibadilisha jina mara mbili ndani ya mwaka huo, na baada ya uchaguzi wa Desemba hakuna hata mmoja wao aliyerudi bungeni.

5. Mhamaji haachi kiti

Katiba za Tanzania na Kenya zinasema mbunge akihama chama amepoteza ubunge. Uingereza anavuka tu ukumbi, anakaa upande wa pili, na kiti ni chake mpaka uchaguzi mkuu. Winston Churchill aliihama Conservative mwaka 1904 akaenda Liberal, na mwaka 1924 alikuwa waziri wa fedha katika serikali ya Conservative. Basi ukimtukana aliyehama, acha akiba ya maneno. Anaweza kurudi, tena akiwa mkubwa wako.

6. Usihudhurie mazishi ya chama chochote

Aliye juu mngoje chini: Waswahili walisema, Waingereza wakatekeleza. Desemba 2019 Labour ilibaki na viti 202, idadi ndogo kuliko zote tangu 1935, na wachambuzi walikadiria kwamba kupona kwake kungechukua miaka kumi au zaidi. Julai 2024 ikapata 411. Conservative ikashuka hadi 121, na Liz Truss, aliyekuwa Waziri Mkuu, akapoteza jimbo lake kwa kura 630. Rishi Sunak, Waziri Mkuu wa wakati huo, ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika, alitangazwa kushinda jimbo lake akiwa jukwaa moja na mgombea aliyevaa pipa la taka kichwani. Jimbo alilipata, nchi akaipoteza, akawa Kiongozi wa Upinzani hadi Novemba alipompisha Kemi Badenoch.

Walioshangilia hawakumaliza mwaka. Tarehe 1 Mei 2025, Reform iliinyang'anya Labour jimbo la Runcorn and Helsby, ambalo Labour ilikuwa imelishinda kwa zaidi ya kura 14,000. Safari hii tofauti ilikuwa kura sita.

7. Ufahamu ushindi kabla ya kuupigia vigelegele

Mwaka 2019 Labour ya Jeremy Corbyn ilipata kura zaidi ya milioni kumi na kuitwa balaa. Mwaka 2024 Labour ya Keir Starmer ilipata pungufu ya hizo, karibu milioni 9.7, na kuitwa mafuriko. Kilichobadilika zaidi ni upande wa pili: Conservative walikuwa wamejimaliza kwa ugomvi na kwa mawaziri wakuu watatu katika mwaka mmoja, na Reform ikawagawanyia wapiga kura wao. Uingereza upinzani haushindi. Serikali ndiyo inayoshindwa, na upinzani unakuwa umesimama jirani.

Kwa hiyo usichague chama cha upinzani kwa utamu wa maneno yake kikiwa nje. Chagua kile unachoweza kukivumilia kikiwa madarakani, maana zamu yake itafika, na siku hiyo itakubidi utafute upinzani mwingine.