Sifa za Jino Linalouma

Jino linalouma husemwa vibaya kila mahali. Mimi nalisifu, na sifa hizi nazitoa kwa moyo wote.

Fikiria lingekaa kimya. Ganda gumu la nje halina neva, kwa hiyo shimo huanza bila taarifa: bakteria wanakula sukari ya chai na maandazi, wanatoa tindikali, na ganda linayeyuka taratibu kwa miezi, pengine miaka. Uozo ukifika tabaka la chini yake, ndipo siku moja unakunywa maji baridi na jino linashtuka. Mshtuko huo wa sekunde chache ni hisani kubwa. Umekuja wakati jino bado linazibika.

Na kuziba si lazima kuwe jambo la mashine na fedha nyingi. Katikati ya miaka ya 1980, hapahapa Tanzania, ilianza njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa saruji ya meno, siku hizi ile inayotoa floraidi. Haihitaji umeme, na mara nyingi haihitaji hata sindano ya ganzi. Njia hiyo ikaenea duniani, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaiweka saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, katika orodha yake ya dawa muhimu. Lakini njia hiyo inafaa pale tu uozo haujafika kwenye kiini cha jino, penye neva. Ndiyo maana nalishukuru jino linalolalamika mapema.

Usipolisikiliza, litakuamsha usiku. Ukilala, damu huzidi kichwani na maumivu hupanda. Wengi hutia karafuu, na karafuu kweli hutuliza. Mafuta yake hutumiwa hata na madaktari wa meno. Ila shimo linabaki palepale.

Ninaloliogopa ni jino lililouma wiki nzima kisha likanyamaza lenyewe. Watu hufurahi, wanasema limepona. Mara nyingi neva imekufa, na usaha unatafuta njia kwenye mfupa. Uvimbe wa taya ukishuka shingoni unaweza kuziba pumzi. Hapo ni kukimbilia hospitali usiku huohuo.

Kung'oa huonekana rahisi kwa bei ya siku hiyo. Hesabu isiishie hapo: gego likiondoka, la jirani huanza kulalia pengo na la taya ya pili husogea kulifuata. Kwa hiyo nenda hospitali ya wilaya, au kliniki za vyuo kama Muhimbili na Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako wanafunzi hutibu chini ya macho ya walimu wao. Uliza bei ya kuziba na ya kung'oa kabla hujakaa kwenye kiti.

Ukishakaa, toa ushahidi wa jino lako kikamilifu. Je, baridi ikiondoka maumivu huisha papo hapo, au hubaki dakika kadhaa? Yakiisha mara moja, kiini huenda bado kinaokoleka. Yakibaki, au yakija yenyewe bila kuguswa, huenda kiini chenyewe kikahitaji kutibiwa. Daktari atapiga picha na kugonga jino, lakini maelezo hayo yanatoka kwako peke yako.