Barua ya Wazi kwa Microsoft: Ombi la Kubaki na Windows ya Zamani

Kwa Wakubwa wa Microsoft,
Redmond, Marekani.

Chamgei! Tunawasalimu kutoka Litein, katikati ya majani chai, na tunaanza kwa shukrani. Tarehe 14 Oktoba 2025 mliacha kuitunza Windows 10. Katika miezi yote mkachagua ule wa bonasi ya chai, wakati mkulima wa Kericho na Bomet ana visenti mfukoni na wadai wameshapanga foleni. Asanteni kwa kujiunga na foleni.

Mkatuambia tuhamie Windows 11. Tungehama, ila inadai TPM 2.0, na prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane karibu zote mmezikataa. Anayetaka ulinzi wa mwaka mmoja zaidi alipe dola 30, au akusanye pointi 1,000, au ahifadhi nakala ya mipangilio yake kwenu. Wenzetu wengi wa Ulaya hawadaiwi senti. Tunaelewa: chai huchumwa huku, hunywewa huko.

Sasa wapo wakaidi wenye printa ya utepe inayotoa nakala tatu kwa mpigo, na programu ya hesabu isiyo na kosa ila umri. Hununua mashine mpya, kisha, kwa ajili ya hivyo viwili, huomba Windows 7 iwekwe kando ya 11. Utaratibu wenu tunaujua: ya zamani iingie kwanza, mpya ifuate, kwa kuwa mpya huitambua ya zamani, lakini ya zamani haina habari kwamba kuna mpya. Ukigeuza, ya zamani inaweza kuvuruga sehemu ya kuwashia, na mpya isionekane tena. Vizuri sana. Ila mashine huuzwa Windows 11 ikiwa tayari ndani!

Basi fundi agawe diski, azime Secure Boot, achomeke fleshi. Mashine ikikubali (nyingine hugoma kabisa), Windows 7 humwuliza kwa adabu: unataka lugha gani? Hana cha kujibia. Mfumo huo ulitoka 2009 bila kuijua USB 3.0, hivyo kipanya kimekufa, kibodi imekufa, na swali linamngoja hadi stima ipotee. Chai ya zambarau, TRFK 306, ilipotolewa mwaka 2011, ilipandwa shambani jirani na ya kijani, na hatukusikia kwamba ya kijani ilipofuka.

Najua mtasema Windows 7 haina ulinzi tangu Januari 2020. Kweli, na ndiyo maana hatutaipeleka kwenye intaneti. Kazi yake ni kuchapa risiti. Toeni basi diski moja ya mwisho yenye viendeshi vya USB 3.0 na NVMe, kisha mtume mtu wenu aje aijaribu hapa Litein. Mwambieni abebe kibodi ya plagi ya duara, endapo mtasahau viendeshi.

Wenu mtiifu,
Fundi wa kompyuta, Litein